Utamu Uliondoka, Hamu Ikabaki

Vijana wanaoniletea suruali za mitumba nizipunguze kiuno hupenda kuniuliza swali moja: unga, yaani heroini, una utamu gani hata mtu auze godoro analolalia? Huwa nawajibu kwamba utamu ulikwisha mapema. Mwanzoni ulikuwapo, sikatai, na anayesema haukuwapo anadanganya. Lakini godoro liliuzwa miaka mingi baada ya utamu kwisha. Wakati huo sikuwa napata raha yoyote. Nilikuwa natafuta nafuu ya kuweza kusimama wima, na bado miguu ilikuwa imeshafika maskani, pale tulipovutia, kabla sijaamua kwenda.

Watu wengi, hata waliosoma, hudhani mraibu ni mtu anayependa raha kupita kiasi. Majirani zetu hapa Majengo, Nairobi, walikuwa na maelezo mawili: ama nina roho nyepesi, ama nimerogwa. Mimi mwenyewe nilielekea kwenye la pili, maana roho nyepesi haimwamshi mtu saa kumi alfajiri akatembea hadi Pangani kwenye mvua.

Nilianza na kokteli, bangi iliyonyunyiziwa unga, enzi nabeba marobota sokoni Gikomba. Mgongo ulikuwa unauma na kokteli iliutuliza. Baadaye nikahamia kwenye foili, yaani kuuchoma unga juu yake na kuvuta moshi. Sikufika kwenye kudunga sindano, na wenzangu waliodunga walinitania kwamba mimi ni teja mwanafunzi. Arosto, yaani ugonjwa wa kukosa unga, ilipotushika sote tulilingana.

Maelezo yaliyoniingia akilini niliyapata Mathari. Hospitali hiyo ya kando ya barabara ya Thika ndiyo iliyoanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, nchini Kenya, Desemba 2014. Siku hizi Ngara nako kuna kliniki. Tabibu aliyenipokea alikuwa mdogo kwangu kwa umri, lakini aliniita "mzee" bila kejeli, na alipoona maswali yangu hayaishi akageuza karatasi akachora ubongo. Ndani kabisa, juu ya shingo, akatia vidoto: seli chache zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Akavuta mstari kwenda mbele, hadi sehemu ndogo ambayo wanasayansi wanaiita nucleus accumbens. Njia hiyo, alisema, kila mtu anayo, nawe usingeishi bila yake. Ndiyo inayomwinua mwenye njaa aende kutafuta chakula.

Nikamwambia, basi hiyo ndiyo kemikali ya raha. Akatikisa kichwa. Zamani hata mabingwa waliamini hivyo. Mwaka 1954, huko Montreal, James Olds na Peter Milner walimpachika panya waya mwembamba ubongoni na kumwekea wenzo wa kujipitishia umeme sehemu fulani. Panya akawa anaubonyeza tena na tena, haachi. Ikasemwa kituo cha raha kimepatikana. Miongo kadhaa baadaye Kent Berridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan wakaja na panya walioondolewa karibu dopamini yote. Panya hao walipotiwa sukari mdomoni walilamba midomo sawa na panya wengine. Utamu waliusikia. Kilichowatoka ni msukumo wa kwenda kula: chakula kingekuwapo mbele yao nao wangekufa njaa. Kumbe kutaka na kufurahi ni kazi mbili ubongoni. Dopamini inashughulika zaidi na kutaka. Raha yenyewe inategemea zaidi vipokezi vingine, yaani sehemu za seli ambako kemikali hutua, vinavyopokea kemikali za mwili wetu wenyewe zinazofanana na afyuni.

Heroini inaingia kote kuwili. Ikifika mwilini inageuka haraka kuwa mofini, inakaa kwenye vile vipokezi vya raha, na papo hapo inazinyamazisha seli ambazo kazi yao ni kuizuia dopamini. Dopamini inafurika. Vipokezi vya raha vikizidiwa kila siku huzoea, na dozi ya jana inakuwa haitoshi leo. Upande wa kutaka hauzoei kwa namna hiyo, unazidi kunoleka. Mwisho wake unakuwa na mtu anayekitaka kwa nguvu zote kitu ambacho hakimfurahishi tena. Niliiomba ile karatasi, nikaenda nayo nyumbani kumwonyesha mama. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza kama vile vidoto vinaweza kufutwa.

Kabla ya Mathari familia ilikuwa imeshajaribu dawa inayojulikana na kila nyumba yenye teja: kumfungia ndani. Wajomba walinipeleka kwa shangazi yangu Kitui, mlango ukatiwa kufuli. Arosto ya heroini huanza muda wa saa 8 hadi 12 hivi tangu uvute mara ya mwisho, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na baada ya wiki moja hivi mwili unaanza kutulia. Miayo isiyokwisha, machozi, kamasi, vinyweleo kusimama, tumbo kukatika, miguu kurusha mateke yenyewe usiku kucha. Shangazi alikuwa anasoma Ayatul Kursiy mlangoni. Yule tabibu alinieleza baadaye kilichokuwa kinaendelea: kwenye shina la ubongo kuna fungu la seli linalomwaga noradrenalini, kemikali inayouweka mwili macho na tayari kwa hatari. Heroini hulinyamazisha fungu hilo, na ubongo, ili usizimike, hulazimika kulisukuma kwa nguvu zaidi. Siku unga ukikosekana ile nguvu ya ziada inabaki haina wa kuizuia. Karibu kila dalili ya arosto ni kinyume cha kile unga unachofanya. Unga hufunga choo, arosto hufungua. Unga hubana mboni za macho, arosto huzitanua.

Basi nilipona, au niseme mwili ulipona. Nilikaa Kitui muda wa kutosha hata nikanenepa, nikachunga mbuzi, nikaswalishwa hadi nikawa naadhini. Kisha nikarudi Nairobi. Basi lilipoingia steji ya Machakos Country Bus nikasikia kelele za soko la Muthurwa, nikapigwa na moshi, nikaona vijana wawili ukutani wamejikunyata kwa namna ninayoijua. Pua ikaanza kuchuruzika. Nikapiga miayo. Kabla sijashusha mfuko wangu tumbo lilikuwa limeshaanza kunguruma. Sikuwa na chembe ya unga mwilini kwa miezi, na arosto ikanishika pale steji.

Wajomba walisema nilikuwa sijatubu kwa dhati. Mwanasayansi Wolfram Schultz angesema jambo jingine. Yeye alifanya kazi na nyani huko Uswisi, akisikiliza seli zao za dopamini moja moja. Nyani akipewa maji ya matunda bila kutarajia, seli zililipuka. Lakini ilipotangulia ishara, taa kwa mfano, na nyani akaizoea, seli zilihama: zikawa zinalipuka kwa taa, si kwa maji ya matunda. Na taa ikiwaka halafu kinywaji kisije, zilinyamaza chini ya kiwango chake cha kawaida. Makala maarufu ya kazi hiyo yalitoka mwaka 1997, na sidhani mwandishi wake alikuwa anafikiria Gikomba. Lakini nilipoelezwa kuhusu ile taa nilizijua taa zangu zote. Mlio wa kiberiti cha gesi. Ujumbe wa M-Pesa unaosema umepokea. Harufu ya siki, kwa sababu unga wa rangi ya kahawia unanuka siki, na hadi leo kibanda cha chipsi kikimwagia siki karibu nami mate hunijaa kinywani, tena si kwa ajili ya chipsi.

Kuna jambo ambalo kila teja analijua na wengine hawaamini. Ukiwa kwenye arosto kali, halafu muuzaji akakutia kete, kipakiti cha unga, mkononi, arosto inalegea hapo hapo. Hujavuta bado. Kete imefungwa. Mwili umeshajua.

Wanaotaka kutetea dawa ya kufungiwa hunitajia wanajeshi wa Marekani waliotoka Vietnam. Kisa ni cha kweli. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliorudi mwaka 1971: kama mmoja kati ya watano alisema alikuwa mraibu wa heroini akiwa kule, na katika hao ni asilimia 5 hivi tu waliorudia uraibu ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani. Wengi waliacha bila matibabu ya maana. Lakini tazameni walichokiacha nyuma: nchi nzima. Vita, hofu, wauzaji, wenzao wa kuvuta nao, harufu ya mahali, vyote vilibaki ng'ambo ya bahari. Mimi maskani yangu iko nyuma ya msikiti ninaoswali.

Mahali pana nguvu hata ya kuua. Mwaka 1982 Shepard Siegel wa Kanada alionyesha kwa panya kwamba dozi ileile ya heroini huua wengi zaidi ikitolewa mahali ambapo panya hajazoea kuipokea, kwa sababu mahali palipozoeleka huuandaa mwili mapema kujikinga. Nikiongeza hapo mwili ambao umepumzika, napata jibu la mwenzetu aliyetoka rumande akavuta kiasi chake cha zamani kwenye chumba cha kupanga asichokijua. Hakuwa na tamaa kuliko sisi. Ustahimilivu wake, yaani uwezo wa mwili kuhimili dozi, ulikuwa umeshuka, na sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi ililala. Waliokuwa naye walimmwagia maji, kama tulivyozoea kufanya sote. Dawa ya hapo ni naloksoni, ambayo huitoa heroini kwenye vipokezi kwa dakika chache, ila nguvu yake huisha kabla ya heroini kuisha, hivyo mtu akizinduka asiachwe peke yake hata akitukana.

Nisipite bila kusema la pombe, maana wazazi huchanganya. Mzee mmoja wa mtaa wa pili, mnywaji wa chang'aa wa kila siku, watoto wake walisikia habari za Kitui wakamfungia naye. Siku ya pili akaanguka kifafa. Pombe hucheza na kemikali nyingine: huipa nguvu GABA, inayotuliza ubongo, na huikandamiza glutameti, inayouchangamsha. Mnywaji wa miaka akikatishwa ghafla, glutameti inabaki bila breki, na hapo degedege, kuweweseka na hata kifo vinaweza kuja ndani ya siku chache. Arosto ya unga inatesa lakini kwa kawaida haimuui mtu mzima mwenye maji mwilini. Ya pombe inaua. Mlevi wa muda mrefu aachie pombe hospitalini, chini ya dawa, na kufuli lirudishwe dukani. Mzee yule alipona, alhamdulillahi, ila kwa sababu jirani alikuwa na gari.

Sasa methadoni. Barazani kwetu husemwa nimetoka dawa moja nikaingia nyingine, na anayesema hivyo huwa ameshika kikombe cha kahawa tungu cha tatu. Mimi huwaeleza kwa matatu. Vipokezi ni viti. Heroini ni abiria wa steji moja: anapanda kwa fujo, anashuka baada ya saa chache, na viti vikibaki wazi gari zima linapiga kelele. Methadoni anapanda taratibu, anakaa, hashuki hadi kesho wakati kama huu. Dozi ikiwa sawa hakuna mlipuko wa raha na hakuna arosto, na unga ukiletwa juu yake unakuta viti vimekaliwa. Vincent Dole na Marie Nyswander waliliona hilo New York miaka ya 1960: wagonjwa waliokuwa hawaongei ila habari za sindano inayofuata walianza kuzungumza habari za kazi na shule. Hilo mimi nimeliona kwa macho yangu kwenye foleni ya Mathari. Mwezi wa kwanza watu wanaulizana bei ya kete. Baadaye wanaulizana karo.

Unakunywa mbele ya mfamasia, unafuatisha maji, unasema neno ili aone umemeza. Kila siku, Krismasi na Idi ikiwamo. Dozi huanza ndogo, miligramu 15 hadi 30, hupandishwa polepole, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Kupandisha polepole kuna sababu: methadoni hujilimbikiza, na anayeongeza pombe au vidonge vya usingizi juu yake anaweza kulala asiamke. Mama alimwuliza maalim kuhusu funga yangu ya Ramadhani, naye akajibu kwamba mgonjwa ameruhusiwa na Kurani yenyewe, kisha akamuuliza mama kama kliniki kuna nafasi ya mpwa wake yeye maalim.

Mwenzangu mmoja wa foleni alianza kutumia dawa za TB, na ndani ya wiki kadhaa arosto ikamrudia alfajiri. Wenzake walimcheka, wakisema anatafuta kuongezwa dozi ili alewe. Bahati nzuri alilisema kwa tabibu. Kwenye dawa za TB kuna rifampisini, ambayo hulifanya ini livunje methadoni haraka mno, kwa hiyo dozi iliyotosha jana haifiki asubuhi. Akapandishiwa, na matibabu ya TB yalipokwisha akashushiwa polepole. Hapa Nairobi TB na unga hukaa chumba kimoja. Anayetumia methadoni na akaandikiwa dawa yoyote nyingine, aseme pande zote mbili.

Kilichonishinda zaidi, kuliko arosto, kilikuja baada ya mwili kutulia. Sikuwa mgonjwa na sikuwa mzima. Mahamri ya mama hayakuwa na ladha. Gor Mahia ilifunga bao, uwanja mzima ukaruka, nami nikajikuta natazama viatu vyangu. Nilidhani methadoni imeniharibu. Kumbe ni ubongo uliopunguza vipokezi vya dopamini kwa miaka ya mafuriko, na kuvirudisha huchukua muda. Huko Marekani, Nora Volkow na wenzake walipiga picha za ubongo za watu walioacha methamfetamini, na sehemu ya mfumo wa dopamini ilionekana kurudi baada ya mwaka na ushei. Dawa yao si yangu, lakini kipimo kile kilinipa jambo la kushika. Kabla ya hapo nilikuwa najipima kwa wiki. Wengi hurudi maskani katika kipindi hiki, wala hawasukumwi na maumivu. Wanachoka kuishi bila ladha.

Kilichonitoa ni pindo. Ubongo uliozoea malipo ya dakika moja hauwezi kungoja mwisho wa mwezi. Hilo limepimwa kwa waraibu mara nyingi, na ukituahidi jambo kubwa la mbali tutachagua dogo la sasa. Kwa hiyo kazi za mshahara zilinishinda. Fundi mmoja wa Gikomba alinikubali kwenye kibanda chake kukunja mapindo ya suruali. Suruali moja, pindo mbili, mteja amesimama hapo, pesa mkononi. Ni malipo madogo yasiyolevya lakini yanakuja haraka, tena kwa jambo lililoonekana kwa macho. Nilimwomba fundi tangu mwanzo asinipe pesa zikafikia kiasi cha kete kwa mkupuo. Zilizozidi alimpa mama. Alinicheka, akakubali. Sasa nina cherehani yangu, na jioni moja nilijikuta nimepunguza koti la mtu vizuri hata nikaligeuza mara kadhaa kulitazama kabla ya kumwita mwenyewe. Kwenye kibanda cha jirani walikuwa wanakaanga viazi, na siki ilikuwapo.

Zile taa bado zinawaka. Wanaonifahamu hudhani nimejifunza kuzizima, lakini nilichofanya ni kuzipitia mara nyingi bila kinywaji kufuata, na kila nikipita zinafifia kidogo. Nikichoka sana au nikilala na njaa hung'aa tena, kwa hiyo siku kama hizo nazunguka kwa barabara ya General Waruinge ingawa ni mbali, na simu ya M-Pesa naiacha kwa mke wangu. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima na kusema ngoja, ndiyo huchoka kwanza mtu akikosa usingizi. Sioni haya kuzunguka.

Wiki iliyopita tabibu aliniuliza kama nimefikiria kushusha dozi. Inawezekana, kidogo kidogo, kwa miezi mingi, na ukiona hamu inarudi unasimama au unapanda tena. Wengine hushuka hadi sifuri, wengine hubaki nayo miaka, kama anayekunywa dawa ya presha. Nilimuuliza hatari iko wapi. Akanijibu kwamba wiki nne za kwanza baada ya kuacha kabisa ndizo zenye vifo vingi, kwa sababu ustahimilivu umeshashuka na zile ishara bado zipo mtaani. Mama anataka niache. Mke wangu anataka nibaki. Mimi nimemwambia tabibu tulizungumze baada ya Ramadhani, maana kanzu za Idi zimeshaanza kuletwa na sitaki kujaribu jambo la namna hiyo nikiwa nashona hadi usiku wa manane.